Gari Yako Inakimbia, Sawa. Inasimama?

Wasee, leo nakanyaga watu vidole, na kidole cha kwanza ni changu mwenyewe.

Nenda mkutano wowote wa magari Nairobi Jumapili asubuhi. Tafuta Subaru Impreza ya zamani, zile GC8 za miaka ya tisini. Muulize mwenyewe ameifanyia nini. Atakuonyesha turbo. Atakuonyesha ekzosi ya inchi 3. Ataiwasha, akanyage mara mbili ipige risasi, na simu 20 zitatoka mfukoni kurekodi. Sasa muulize: mafuta ya breki ulibadilisha lini? Nimeuliza hilo swali mara nyingi mwaka huu. Jibu ninalopewa sana ni, "Kwani hayo pia hubadilishwa?"

Msimamo wangu ni huu. Ukiongeza pawa kwa gari ya miaka 25 na zaidi bila kugusa breki, hujatengeneza gari ya spoti. Umeharibu gari nzuri halafu ukaweka watu ndani. Breki zinakuja kwanza. Kabla ya turbo, kabla ya ekzosi, kabla ya rimu. Na nikisema breki, simaanishi rangi nyekundu.

Naongea hivi kwa sababu nilikuwa ndani ya gari kama hiyo.

Binamu yangu ana GC8. Si STI, ni WRX ya kawaida, kalipa za mbele zikiwa za pistoni mbili. Ilikuja Kenya kitambo, mimi hata shule sijaanza, na yeye ni mwenyewe wa nne au wa tano. Kwa miaka miwili kila shilingi yake iliingia kwa injini. Mimi nilikuwa mtu wa kamera. Ekzosi ikifungwa, niko hapo. Kompyuta ya gari ikichezewa ili turbo isukume zaidi, niko hapo. Siku moja tukaamua gari "inakaa uchi" nyuma ya rimu, tukanunua kopo la rangi nyekundu tukapaka kalipa pale nje kwa nyumba yao. Hatukuzifungua. Tulipaka tu zikiwa hapo kwa gari, na kopo nilishika mimi. Hiyo video ilienda mbali.

Basi wikendi ya Safari Rally ikafika, tukapanga safari ya Naivasha. Tulikuwa watano: binamu kwa usukani, mimi kando yake, nyuma mdogo wake wa kike aliyekuwa Form Four pamoja na marafiki wawili. Buti imejaa hema na vinywaji. Tukateremkia Mai Mahiu na magari mengine manne, na kila mtu anataka kuonyesha yake inaweza.

Mnajua ile barabara. Mteremko mrefu, malori yamejaa, kando ni bonde. Binamu alikuwa anafanya kile sisi wote hufanya: kanyaga mafuta, pita lori, finya breki kwa nguvu, kanyaga tena. Harufu ikaanza. Tukasema ni ya malori. Kona mbili baadaye alifinya breki nikaona mguu umeenda chini kuliko kawaida. Mara ya pili uliishia sakafuni.

Hakupiga kelele. Alisema polepole tu, "Breki hakuna."

Mbele yetu kulikuwa na trela inatambaa. Akashuka gia ya tatu, ya pili, injini ikalia kama inataka kutoka kwa boneti. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaitoa gari kwa lami ikaingia changarawe. Tulisimama tukiwa karibu na ile trela mpaka naweza kusoma maandishi yaliyofutika kwa bampa yake. Moshi ulikuwa unatoka magurudumu yote mawili ya mbele. Nyuma hakuna aliyesema kitu. Halafu mdogo wake akafungua mlango, akatembea hatua chache, akakaa chini.

Msee mmoja wa msafara wetu alisimama kutusaidia. Kabla ya kusaidia, alipiga picha ya gurudumu, moshi na kalipa nyekundu. Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichoweka mwezi huo.

Jioni shangazi alipigiwa simu. Hakutukana. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo sauti yote, huwa inasaidia gari kusimama?"

Sijapata jibu mpaka leo.

Gari ilipovutwa mpaka gereji, fundi mmoja mzee aliniita nione. "Kijana, kuja uone kazi yenu." Mafuta ya breki yalitoka meusi kama strungi iliyolala. Pedi zilikuwa zile za bei rahisi kabisa, uso umeng'aa kama kioo. Na kwa gurudumu la kushoto, pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimeganda. Pedi moja imeisha, ya pili bado nene. Alikwangua kidogo kwa ukucha, rangi nyekundu ikatoka. "Nani alipaka hii?" Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa tuongee kilichotokea, kwa sababu wengi wetu tunaendesha bila kujua.

Breki haifanyi muujiza. Inachukua mwendo wa gari na kuugeuza joto. Hiyo tu. Na huo mzigo haupandi sawa na mwendo. Ukitoka 60 ukafika 120, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini joto ambalo breki lazima zimeze ili usimame limeongezeka mara nne. Ukitoka 100 ukafika 140, ni karibu mara mbili. Ongeza watu watano na mizigo, halafu ongeza mteremko ambao unaisukuma gari hata kama hujagusa mafuta. Kwa hivyo ukiongeza pawa, unaongeza joto ambalo kalipa, diski, pedi na mafuta yako zitalazimika kumeza. Injini umeipa chakula kipya. Breki umeziachia kazi mpya na mshahara wa zamani.

Na mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, pole pole, hata gari ikiwa imeegeshwa. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishavuta maji, kiwango hicho kinashuka mpaka kama 155. DOT 3 inaanza 205 na kushuka hadi 140. Kwa mteremko kama Mai Mahiu ukiwa unafinya kila kona, 155 si mbali. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Mguu wako unabonyeza hewa badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana pedali inaenda sakafuni.

Kuna aina ya pili, na ujue tofauti. Pedali iko juu, ngumu kama jiwe, unafinya kwa nguvu zako zote na gari haishiki. Hapo pedi ndizo zimeshindwa na joto. Sisi tulikuwa na zote mbili, na pini zilizoganda juu yake.

Nikisema haya watu hunijibu mambo manne. Wacha nijibu yote leo.

La kwanza: "Hii gari imetoka kiwandani na breki za spoti. Wajapani si wajinga." Kweli, si wajinga. Kwa hivyo fikiria vile wao walifanya. Subaru walipotengeneza STI yenye nguvu za farasi 280, hawakuiacha na breki za WRX ya kawaida. STI za GC8 zilipata kalipa za pistoni nne mbele, na baadaye STI za umbo lililofuata zikapata Brembo zenye diski za mbele za milimita 326. Kiwanda kikiongeza pawa kinaongeza breki. Ni wewe tu na fundi wa kompyuta mnaodhani mnaweza kuongeza moja na kuruka nyingine. Halafu kumbuka, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Maana yake hizi GC8 zetu hazijatoka Japani juzi. Zimeishi hapa zaidi ya miaka 15 na vumbi letu na matuta yetu. Hozi za mpira zimezeeka, sili za pistoni zimezeeka. Kile kiwanda kilikupa kiliisha kitambo.

La pili: "Nangoja nipate pesa niweke Brembo." Huyu ananiuma zaidi, kwa sababu anajua breki ni muhimu lakini bado anawaza picha. Kalipa kubwa haikufanyi usimame haraka mara moja ukiwa unatoka taa za Ngong Road. Kama breki zako za sasa zikiwa nzima zinaweza kufunga magurudumu mpaka ABS iamke, kinachokusimamisha hapo ni tairi. Faida ya breki kubwa ni kumeza joto mara ya kumi kama mara ya kwanza. Hiyo ni faida kubwa, lakini haiwezi kufunika mafuta machafu na tairi kuukuu. Halafu kalipa za ex-Japan zinazouzwa zikiwa zimeoshwa na kupakwa rangi zinaweza kuwa na miaka sawa na gari yako. Bila sili mpya ndani ni pambo. Hizo Brembo za STI pia hazitaingia kwa rimu ya inchi 16, zinataka 17. Na ukiweka kubwa mbele ukiacha nyuma na masta silinda vile zilivyokuwa, unaweza kupata pedali ndefu na gari ambayo breki za nyuma hazifanyi kazi yao.

Na nyinyi wa vile vifuniko vya plastiki vilivyoandikwa jina la kampuni, mnaovibandika juu ya kalipa za kawaida. Hizo zinazuia hewa kupoza kalipa. Yaani umelipa pesa ili breki zako ziwe mbaya zaidi na zidanganye watu.

La tatu: "Mimi ni dereva." Sawa, bingwa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 akiwa na Impreza pia. Unafikiri mafundi wao walikuwa wanasema breki zingoje mwezi ujao? Dereva mzuri anategemea breki kuliko dereva mbaya, kwa sababu anazitumia mpaka mwisho wa uwezo wao. Dereva mzuri pia anajua kitu ambacho madereva wa malori wazee wanakijua: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Binamu yangu anaendesha vizuri, na kilichotuokoa ni zile gia. Lakini alizikumbuka baada ya breki kuisha.

La nne ndilo la ukweli zaidi: "Sina pesa." Hapa tuwekane wazi. Ekzosi ulipata pesa. Rimu ulipata pesa. Mafuta ya breki hayafikii hata nusu ya bei ya kujaza tangi. Usiniambie ni pesa. Ni kwamba breki hazina sauti na hazitoi klipu.

Kwa hivyo kama una gari ya zamani na unataka kuijenga vizuri, fuata mpangilio huu. Ndio tuliofuata sisi tulipoamka.

Anza na kufufua kilichopo. Kalipa zifunguliwe, sili mpya, pini zisafishwe na kupakwa grisi maalum ya breki. Mkitaka rangi, pakeni kalipa ikiwa imetolewa, pini na mipira ikiwa imefunikwa. Kazi hii haina kitu cha kuonyesha mtu, na ndiyo iliyorudisha nusu ya breki za binamu.

Pili, mafuta. DOT 4 nzuri kutoka kwa kopo lililofungwa, na hewa itolewe kwa magurudumu yote. Badilisha kila baada ya miaka miwili, mapema zaidi kama unaendesha kwa fujo. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo, majina yasikuchanganye. Na fundi akitaka kuongeza mafuta ya injini au ya gia kwa chupa ya breki, chukua ufunguo wako uondoke. Yanavimbisha mipira yote ya mfumo.

Tatu, pedi. Nunua pedi za barabarani za kiwango cha juu kutoka kwa mtu unayemwamini. Usikimbilie pedi za mashindano. Hizo zinataka joto ndiyo zishike, na saa 12 asubuhi Thika Road, zikiwa baridi, zitakuangusha. Zikifungwa, zifundishe kazi: barabara tupu, shuka kutoka 80 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha uendeshe zipoe.

Nne, hozi. Zile za mpira za miaka 25 zinavimba ukifinya. Zilizosukwa kwa chuma zinafanya pedali iwe thabiti.

Tano, diski. Za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati zinatosha. Zile zenye matobo zinapendeza, lakini za bei rahisi hupasuka kwenye matobo joto likizidi.

Sita, tairi. Angalia zile namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni. 1417 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Kama tairi yako ilitengenezwa ukiwa shule ya msingi, hakuna kalipa itakayokuokoa.

Ukimaliza hizo zote na bado unahitaji zaidi, sasa tuongee kalipa kubwa. Kwa GC8 yenye pistoni mbili, za pistoni nne za Subaru na diski zake za milimita 294 ni hatua ya maana kabla hata hujataja Brembo. Binamu alifika hapo mwaka jana. Alipata pesa kwa kuuza ile turbo kubwa. Gari sasa ina pawa kidogo kuliko zamani na, naapa, inaenda haraka kuliko zamani, kwa sababu unajua kona ikija utasimama.

Sasa upande wangu, maana nilisema kidole cha kwanza ni changu.

Miaka miwili nilirekodi kila kitu kilichofanya ile gari ikimbie. Sikurekodi hata dakika moja ya kitu kinachoisimamisha, isipokuwa siku tuliyoipaka rangi tukaiharibu. Na kuna vijana walitazama zile video wakafanya vilevile. Sijui ni wangapi. Nimetoa ile ya rangi. Mahali pake nimeweka video ya dakika 11 ya mzee akifungua kalipa na kunigombeza. Ina watazamaji wachache kuliko zote, na ndiyo ningetaka mtazame.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sisi tuliuona ukingo wenyewe, na bonde lake.

Mdogo wa binamu alimaliza shule. Mpaka leo haingii ile gari. Tulimwambia breki ni mpya, akasema sawa, akachukua matatu. Simlaumu. Kabla ya mkutano wa Jumapili hii, fungua boneti uangalie rangi ya mafuta kwa kile kichupa cha breki. Kama ni meusi, wacha ekzosi ingoje. Na kama kuna mtu huwa anakaa kiti cha nyuma cha gari yako, mwambie ukweli kuhusu breki zako halafu uone kama atapanda.